Damu ya Kamanda

"Sindano ya kunitisha mimi bado haijatengenezwa!" Kamanda aliitangazia foleni nzima ya maabara, kifua mbele. Saratani ya tumbo ilikuwa imemchukua baba yao, kisha shangazi yao, na sasa yeye na mdogo wake walitakiwa kupimwa damu.

Kumbe ilikuwa imetengenezwa zamani. Zamu ilipokaribia alimvuta mdogo wake pembeni, akamshikisha fomu yake. "Nitolee na mimi, bwana. Si baba mmoja, mama mmoja? Damu ni ileile."

Mdogo mtu akatoa asubuhi kwa jina lake, akarudi mchana kwa jina la kaka.

Majibu yalipotoka, daktari aliwakalisha pamoja, akachora vijiti viwili kwa penseli. "Hizi ni kromosomu. Humu kuna jeni ambayo ni kama breki: inazuia seli za tumbo zisizaliane ovyo. Kila mtu anarithi breki mbili, moja kwa baba, moja kwa mama." Akafuta kipande cha kijiti kimoja. "Ninyi wote wawili kipande hiki hamna. Mmebaki na breki moja. Hiyo nayo ikikatika, ni mteremko mtupu. Nashauri mfuko wa chakula utolewe mapema."

"Wote?" Kamanda aliuliza.

"Wote. Mtakula kidogokidogo, lakini mtaishi."

Mdogo wake hakumtazama daktari. Alimtazama yeye. Kamanda akapiga hesabu: akisema, ataumbuka, na sindano ataipata palepale. Asiposema, huenda akatolewa tumbo lisilo na kosa lolote.

"Kaka," mdogo wake alinong'ona, "sema."

"Niseme nini?"

"Mimi jibu langu nimeshalijua. Lako je?"

"Mna swali?" Daktari alisogeza fomu ya kukubali upasuaji.

"Hamna, daktari. Sisi wanaume." Kamanda akashika kalamu. Herufi ya kwanza ikatoka imepinda kama mkia wa mjusi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia na trei yake mama wa maabara aliyewatoa watu damu siku ile, kuchukua vipimo vya upasuaji. Akamkunjia Kamanda mkono wa shati, akaubonyeza mkono kwenye kiwiko, akasita. Akaenda kwa mdogo mtu, akaubonyeza na wake.

"Daktari," alisema, "mimi sura huwa nazisahau, mishipa siisahau. Huyu nilimchoma mara mbili siku ile." Akamgeukia Kamanda. "Wewe, baba, mkono wako ndiyo kwanza nauona leo."