Maji ya Pasaka Ndani ya Rejeta

Mama mkwe alikuwa amekaa mavumbini mbele ya Landrova, miguu ameinyoosha hadi chini ya bampa, mtungi mtupu ameupakata kama mjukuu.

"Nikanyageni basi," alisema. "Gari haliendi, na maji yangu hayamwagwi."

Mimi nimesimama mlangoni, pale nyumbani Nsemulwa, furushi kichwani, sijui nilie, nicheke, au nimrukie mtu.

Ilikuwa miaka ya sabini, kiangazi kikali. Asubuhi ile Venant, muuza samaki, alikuwa amefika kutoka kwetu Karema, kando ya ziwa, na habari mbaya: baba yangu yu hoi, analitaja jina langu tu.

"Tutakwenda," akasema mume wangu, Apolinari, "ila si na rejeta hii. Itachemka mlimani tulale na simba."

Rejeta! Jamani, tangu niolewe nimeishi na rejeta ile kama mke mwenza. Krismasi tusiende kwetu, rejeta. Mavuno, rejeta. Binti yetu Hana alikuwa ameshaota meno na kuyang'oa, babu yake hajamtia machoni.

"Baba Hana," nikamwambia, "ioshe leo. Usipoiosha, nakwenda kwa miguu."

Akaniangalia, akaona sina utani. Akaniomba magadi yangu ya kupikia maharage, akayakoroga kwenye maji ya moto, akayamimina ndani ya rejeta na kuliwasha gari mpaka likapata moto sawasawa. Akazima, akasubiri lipoe, kisha akalala chini na kufungua koki. Yakatoka maji mekundu, mazito, yananuka chuma. Akajaza mengine, akawasha, akasubiri, akamwaga. Akarudia, na tena, mpaka yakatoka meupe. Mimi nazunguka uani, kila yakitoka mekundu namwona baba anakata roho.

"Sasa ya mwisho yawe maji matamu," akasema. "Haya ya kisima ndiyo yaliyoiua." Kweli, maji yetu yalikuwa na chumvi, hata birika langu lilijaa magamba meupe ndani. Yalitakiwa maji ya mvua, na mvua yenyewe tuliisahau. Apolinari akaingia chumbani kwa mama yake, ambaye alikuwa amekwenda kusali jumuiya, akatoka na mtungi uliofunikwa kitambaa cheupe. Alijua mama yake hukinga maji ya mvua, basi hakuuliza. Akamimina yote, akafunga kifuniko, akapiga mluzi.

Yalikuwa maji ya Pasaka. Mama mkwe, Mama Romana, huyachota kanisani kila mwaka kwenye mkesha, yakishabarikiwa, na kuyatunza ndani: ya mtoto akizaliwa, ya radi ikitisha, ya mtu akiwa anaaga dunia. Na mwaka ule kifua kilikuwa kinamsumbua sana. Alishatuambia, "Haya ni yangu mimi."

Ndiyo maana aliporudi na kuukuta mtungi mtupu alikaa chini mbele ya gari. Akaitwa katekista Cletus. Akalizunguka gari, akachungulia chini, akavua kofia.

"Maji yaliyobarikiwa hayamwagwi mahali wanapopita kuku," akasema. "Lakini na kuyachemsha nako..."

"Kitabu kinasemaje?" Apolinari akauliza.

"Kitabu hakina rejeta."

"Basi niyarudishe mtungini."

"Yameshaingia kutu!" mama akafoka. "Siku nikifa utaninyunyizia kutu?"

Hapo nikawaka. "Baba yangu anakata roho, nyie mnaamua kesi ya maji!"

Nilikuwa sijawahi kumpazia sauti mama mkwe. Akashika bampa, akajiinua, akaingia ndani. Nikajua amekwenda kunilaani. Akatoka amevaa vitenge vya kanisani, rozari mkononi, akapanda kiti cha mbele, kiti changu mimi.

"Washa," akamwambia mwanawe. "Maji yangu hayaendi peke yake."

Landrova haikuchemka. Ilipanda, ikashuka, ikala mchanga, haikutoa hata mvuke.

"Mnaona kazi ya magadi?" Apolinari alikuwa anasema.

Mama mkwe alikohoa. "Magadi!"

Mimi nyuma na Hana sikujua nimshukuru nani. Nilikuwa na furaha kwamba tunakwenda, nikaiona furaha ile ni dhambi, kisha nikasahau kwamba ni dhambi. Tulipoliona ziwa nilianza kulia kwa sauti, nisije nikaonekana nimefika msibani na macho makavu.

Baba alikuwa uani, kwenye kigoda, anachambua samaki wa mgebuka. Akasimama wima bila fimbo.

Nikakatiza kilio. "Baba, si unaumwa?"

"Naumwa wapi?"

"Venant kasema u hoi!"

"Kasema nilivyomtuma."

Nikageuka kumtazama mama mkwe, nikisubiri moto. Alikuwa ameegemea mlango wa gari, mabega yanatikisika, anacheka. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaendelea kujifuta, na mpaka leo sijui kilikuwa kicheko au kilikuwa kitu gani. Nilitaka kumkumbatia baba na nilitaka kumpiga kofi, Mungu anisamehe.

"Umetudanganya, baba! Unajua tumefikaje hapa? Unajua huyu mama kapoteza nini?"

Alifuta vidole taratibu, akamtazama Hana, mjukuu aliyekuwa hajawahi kumwona, akamtazama kuanzia nywele mpaka ukucha.

"Ningetuma neno tu kwamba nimewakumbuka," akasema, "mngekuja?"

Nikamtafuta mume wangu anisaidie kujibu. Apolinari alikuwa ameshafungua boneti, ameinama, anakagua injini ambayo haikuwa na tatizo lolote.