Juu ya Mita Elfu Moja

...chumba kinachotazama mto au kinachotazama mlima, anauliza Mechthild, na mimi nasema mlima, halafu nasema mto, halafu namwacha aendelee, kwa sababu binti yangu huyu akishafungua kompyuta yake juu ya meza ya jikoni, hapa kwetu Linz, kati ya sahani ya keki na dawa za baba yake, huwa haulizi ili ajibiwe, anauliza ili apate kusonga mbele, siku tatu Innsbruck, Mama, siku tatu tu, hufanyi lolote, unakaa barazani unatazama maji yakipita, unakunywa kahawa uliyopikiwa na mtu mwingine, lini mara ya mwisho kupikiwa kahawa wewe, na mimi naijua siku yenyewe... Engelbert yuko pale dirishani na kikombe chake, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, nimemfungia mwenyewe asubuhi akaniambia asante sana, Bi, una moyo mwema, mke wangu akirudi nitamweleza. Mke wangu akirudi. Mwanzoni nilikuwa nakwenda kulia bafuni, sasa najibu tu, atarudi, Bwana Mhandisi, atarudi, maana tangu majira ya baridi ndivyo ninavyomwita mume wangu, nikimwita kwa jina lake midomo inamtetemeka, mwanamke asiyemjua anamwita Engelbert, adabu gani hiyo, yote amesahau ila adabu ya ofisini, hiyo imemganda kama kupe.

"Kuna na mabwawa ya maji moto," anasema Mechthild, "halafu tiketi ya kigari cha waya cha kupandia mlima imo humohumo, unapanda mpaka juu kabisa ukitaka."

Kigari cha waya... nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa ofisi ya upimaji ardhi, miaka minne chumba kimoja, mimi na taipureta yangu, yeye na ramani zake, na miaka yote minne ilikuwa Bi Prohaska, naomba faili la bonde, faili hili hapa, Bwana Mhandisi, hata siku nilipommwagia wino kwenye suruali alisema si neno, Bi Prohaska, suruali yenyewe kuukuu, ndipo ofisi nzima ikaenda matembezi ya Septemba Innsbruck, tukabanana ndani ya kigari, mkuu wa ofisi amefumba macho kwa woga, na Engelbert ametoa mfukoni kipimo chake cha mwinuko, anasoma, mia tisa, mia tisa na hamsini, utadhani padri, na kwetu kila mtu anajua kwamba mlimani ukishavuka mita elfu moja vyeo vinabaki chini, hakuna Bwana wala Bi wala Daktari, kila mtu anaitwa jina lake la ubatizo, ila wengi wanaona haya, wanangoja kwanza wafike juu, washushe glasi moja, ndipo waanze, yeye hakungoja, sindano ilipogusa elfu moja akanigeukia akasema, Hedwig. Basi. Kule juu tulikula supu yenye madonge ya ini, akanitajia vilele kimoja kimoja, kile pale, Hedwig, na kile chenye theluji, Hedwig, alikuwa analitia jina langu katika kila sentensi hata pale lisipohitajika, kisha jioni tukashuka, na sindano iliporudi kwenye elfu moja, mpima ardhi gani huyu jamani, akaniambia, angalia ngazi, Bi Prohaska. Nilimnunia wiki nzima. Nikangoja mwaka mzima, Septemba ikarudi, tukapanda tena, nikawa Hedwig tena, na kule juu nikamwambia, Engelbert, nimechoka kupanda mlima ili niitwe jina langu, akafikiri, akaikunja ramani vizuri kwa mikunjo yake ileile, akasema, basi tuoane, Hedwig, ndani ya nyumba sheria ni nyingine...

"Mama, unanisikia? Baba atakuwa salama. Kile kituo cha wazee ni kizuri, watamlea siku tatu, wala hatajua kwamba umeondoka."

Hatajua. Mechthild si mbaya, ameniona nimesinzia na kijiko mkononi, anasema kweli na kweli yake inachoma... yeye mwenyewe mwezi wa pili alisema twende wote, ni mimi niliyekataa, nikasingizia ngazi, nikasingizia choo cha kwenye treni, uongo mtupu, ninachoogopa ni ile sindano ya kipimo. Hapa chini Engelbert akiniita Bi bado nina pa kukimbilia, najiambia ni kwa sababu tuko Linz, mita mia mbili sitini na sita, hapa kila mwanamke ni Bi, lakini nikimpandisha, tukavuka elfu moja, akanigeukia akaniita Bi hukohuko, nitabaki na nini, sina mlima mwingine... basi ndiyo kusema unauweka kabatini, Hedwig, kama zile sahani za harusi ambazo hatukuzilia hata siku moja na mbili zimevunjika hivyohivyo. Na tena nani kasema ni yeye lazima aanze. Kwa desturi mwanamke ndiye anayeufungua mlango huo wa kuitana majina, alinipokonya zamu yangu siku ile kwenye kigari, nikafurahi kupokonywa, na tangu hapo nimekaa nangoja kuitwa, miaka arobaini na tano, sikuwahi kuanza mimi.

"Kwa hiyo niweke mtu mmoja?" Kidole cha Mechthild kiko juu ya kitufe.

"Asante kwa kahawa, Bi," anasema Engelbert kutoka dirishani.

"Karibu, Engelbert."

Mechthild anainua macho. Midomo ya baba yake inatetemeka, naiona, nimeharibu asubuhi yote kwa tamaa yangu, lakini hanikaripii, anatazama nje, paa la kanisa, mawingu, anapapasa mfuko wa shati ambao haujabeba kipimo miaka mingi, kisha ananigeukia kwa upole, kama anamkumbusha mtu jambo ambalo wote wawili wanalijua.

"Bado hatujafika mita elfu moja, Bi Prohaska."

...Prohaska, jina langu la usichana, hakuna aliyeniita hivyo tangu niondoke ofisini, hata kwenye karatasi za benki halipo, Mechthild anauliza, Baba amesema nini, na kahawa bado ina moto, na yeye amegeukia dirisha lake kama kawaida, watatu, nasema, weka watatu, mwanangu, na chumba kiwe kinatazama mlima.