Shubiri Nne za Baba

Jana niliota, tena mchana kweupe, nimejilaza jamvini uani na wali wa adhuhuri bado haujateremka tumboni. Wifi yangu Mwanjaa anasema ndoto ya mchana ni ya mtu mvivu. Sawa, uvivu nimeukubali, lakini ndoto yangu simwachii mtu.

Kwanza ujue nilikuwa nimelala kando ya nini. Nilikuwa nimelala kando ya gari la mashindano. Mimi ni fundi bati hapa Korogwe, natengeneza majiko, ndoo na masanduku ya wanafunzi, kazi aliyonifundisha baba yangu, Mzee Shekalaghe. Lakini kwa miezi saba sasa majiko ya watu yamesimama, naunda gari. Jekundu, refu mbele, fupi nyuma, taa mbili za duara, namba kumi na nne ubavuni. Mashine ni ya bajaji, usukani ni wa trekta, bodi ni bati langu mwenyewe. Wifi akija kuanika nguo hulizunguka, kisha husema, "Wifi, jiko hili litaivisha pilau la mtaa mzima."

Gari lenyewe, lile la kweli ninaloliiga, lilipita hapa likiwa mashindanoni mwaka sitini na moja, wakati wa masika, likakwama kwenye matope kabla ya kufika darajani. Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Kwa maneno yake, dereva Mzungu alikuwa amekula fenesi zima peke yake, tumbo likamkamata, akaingia porini asitoke. Baba akashika usukani, akalitoa gari matopeni, akalivusha daraja. Kisa hiki amekisimulia miaka sitini na kitu, na miaka yote hiyo sisi wanawe tumemcheka. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, maana ndiye niliyebaki naye nyumbani.

Sasa ana miaka themanini na mitano. Nikasema nitamwundia gari lake, akae ndani hata mara moja kabla Mungu hajamwita. Nikamwuliza vipimo, akanipa kutoka kichwani: boneti shubiri nane, kutoka usukani hadi mgongo wa kiti shubiri nne. Nikapima, nikakata, nikapiga rangi. Jana asubuhi tukamvalisha kanzu safi, akaja kukaa. Magoti yakagonga usukani. Tukamsukuma, tukamvuta, mguu mmoja ukabaki nje kama wa kuku kwenye tenga. Akatoka, akajipangusa, akaliangalia gari.

"Basi," akasema. "Labda mnasema kweli. Labda sikuendesha."

Neno hilo liliniuma kuliko kujigonga kidole kwa nyundo. Mtu amekitetea kisa chake miaka yote hiyo mbele ya kicheko chetu, halafu anakuja kushindwa na gari nililomwundia mimi. Nikala kwa hasira, nikalala kwa huzuni.

Nikiwa nimelala, gari linakohoa.

"Nina swali," linasema. "Umri wangu ni upi? Kama nina miezi saba, nikuamkie. Kama mimi ni la mwaka sitini na moja, wewe ndiye uniamkie. Tangu asubuhi tunatazamana bila salamu, na mimi sikulelewa hivyo."

Nalijibu kwamba hata mimi sijui. Tunakubaliana kugawana. Mimi nasema "Shika", lenyewe linasema "moo", kisha tunaitikia marahaba kwa pamoja. Roho zinatulia.

"Sasa la pili," linasema gari. "Ulinipima kwa mkono wa nani?"

Mkono wangu unakwenda wenyewe kujificha nyuma ya mgongo.

Sanduku langu la vifaa linafunguka. Anatoka futikamba, amevaa tai, anapangusa vumbi mabegani.

"Mimi ni mkaguzi wa mashindano," anasema. "Miezi saba nimelala sandukuni, sikuitwa hata siku moja. Sina kinyongo. Nimekuja na kanuni." Anajivuta hadi mita tatu na kusoma maandishi ya tumboni mwake. "Kanuni ya kwanza. Gari la mfano litafanana na gari lenyewe kwa kila kitu, pamoja na matope."

Mlangoni panabishwa hodi. Ni matope. Nayakaribisha, ningefanyaje, wageni ni wageni. Yanaingia polepole, yanajaza uani. Kamba ya nguo inanyooka na kuwa daraja, na mashuka ya wifi yanashuka chini yake yanageuka mto. Kuku wangu sita wamejipanga kando ya barabara, kila mmoja na tiketi mdomoni. Jogoo hana tiketi. Anasema yeye ni mwenyeji.

"Kanuni ya pili," anasoma futikamba. "Kipimo hupimwa kwa mkono uliokitoa. Shubiri nne ni za nani?"

"Za baba."

"Na mkono uliopima?"

Nautoa mkono nyuma ya mgongo, sote tunautazama. Ni mkono mfupi, vidole vifupi, nimeurithi kwa marehemu mama. Chini ya dole gumba kuna ua la hina alilonichora wifi wiki iliyopita kwenye harusi ya mpwa wetu. Lina majani matano, na moja limekwenda upande kwa sababu wifi alipiga chafya. Ndipo ninapoelewa nilichokifanya. Miezi saba nimepima gari la mwanamume wa futi sita kwa kiganja cha mama yangu.

Futikamba anajikunja wote kwa mkupuo mmoja, trrrr, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Dada yangu," anasema akiwa ndani. "Si gari lililo dogo, wala si mzee aliye mwongo."

"Naona."

"Una nafasi mpaka jogoo awike."

"Nitawika nikijisikia," anasema jogoo.

Nakimbilia jikoni nikautafute mkono wa baba. Nafungua mlango wa jikoni, na ng'ambo yake ni barabara ileile, mwaka sitini na moja, mvua imekatika sasa hivi. Kuna kijana mrefu, mwembamba, kaptula ya kaki, matope mpaka mapajani, anakuna kichwa mbele ya gari jekundu. Ananiona. Anapangusa mikono, anainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mimi nina miaka hamsini na minne. Baba yangu ananiamkia. Namtazama, meno yake yote yapo, shingo imenyooka, na sikuwahi kujua kuwa alikuwa mzuri hivi. Moyo unanijaa furaha mpaka nasahau nilichofuata.

"Marahaba, mwanangu," nasema, maana adabu ni adabu. "Naomba uniazime mkono."

"Wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kupimia."

Anaufungua kifundoni, anauzungusha kama kifuniko cha chupa ya chai, ananikabidhi. Nami naufungua wangu nampa, kwa sababu ana gari la kusukuma na hawezi kukaa hivihivi. Analitazama ua la hina, anatabasamu.

"Na mama," anasema, "chombo cha watu hakirudi kitupu."

Desturi hiyo naijua. Hapa kwetu jirani akikuletea futari katika bakuli, bakuli halirudi bila kitu, hata kama ni vitumbua viwili.

"Unanifundisha mimi?" namwambia.

"Nakukumbusha tu."

Nageuka, niko uani tena. Nauweka mkono wa baba juu ya usukani, unaanza kutembea wenyewe, dole gumba mbele, kidole cha mwisho nyuma, kama kiwavi anayejua aendako. Shubiri moja. Gari linacheka.

"Unanitekenya," linasema.

Shubiri mbili. Bati linanyooka kama donge la chapati chini ya kifimbo cha kusukumia. Shubiri tatu. Kuku wanasimama kwenye viti ambavyo hawakuwa navyo. Shubiri nne, na mgongo wa kiti unafika pale ulipotakiwa kuwa siku zote. Gari linashusha pumzi ndefu ya miezi saba.

"Kanuni ya tatu na ya mwisho," anasema futikamba. "Apatikane shahidi kwamba gari liliendeshwa na huyo anayedai."

Kwenye kiti cha pili limekaa fenesi, limefunga mkanda.

"Jina lako?"

"Fenesi."

"Siku ya tukio ulikuwa wapi?"

"Tumboni mwa dereva."

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu, kulikuwa na giza. Lakini nilisikia. Dereva alikuwa amechuchumaa kichakani, hatua kumi kutoka barabarani, na sababu ni mimi, sitaki kujificha. Nikasikia mlango wa gari. Nikasikia kijana anasema, 'Polepole, mama. Polepole, mama.' Alikuwa analibembeleza gari. Mashine ikaitika. Kisha mbao za daraja zikalia, moja moja, mbao ishirini na tatu. Nilizihesabu, sikuwa na shughuli nyingine."

"Unaapa?"

"Naapa kwa ulimbo wangu."

Futikamba anashikana mkono na fenesi kulishukuru, na hapo hapo ananasa. Mkutano unaendelea akiwa amenasa.

Yule kijana anatokea jikoni na mkono wangu kifundoni. Anaingia kwenye gari. Magoti yanapita bila kugusa kitu, yana nafasi hata ya kucheza. Nakaa pembeni yake, nimelipakata fenesi, futikamba ananing'inia nyuma. Naona mkono wangu mfupi kwenye usukani, ua la hina linageuka kushoto na kulia.

"Polepole, mama," anasema, na sijui ananiambia mimi au gari.

Matope yanatupisha. Tunapanda daraja la kamba ya nguo, kuku wanakimbia pande zote mbili, jogoo mbele yao kama mwenye sherehe, na chini mashuka ya wifi yanakwenda zake baharini. Gari linaimba kwa sauti ya bajaji. Mimi nalia kwa furaha, machozi waziwazi, wala sifuti. Najiambia, basi hivi ndivyo ilivyokuwa, na yeye aliishi na raha hii peke yake miaka yote, sisi tukamnyima hata mtu wa kuamini.

Ng'ambo ya daraja anazima mashine.

"Haya," anasema. "Mkono wangu."

Natafuta cha kutia ndani. Kuku mmoja ananipa yai. Naliweka kiganjani, mkono unafumba, yai linarudi kwa mwenyewe. Naweka kokwa za fenesi, mkono unafumba. Naweka jiko jipya la mkaa, la namba tatu, sijui limetoka wapi, nalo mkono unalikataa. Kisha unafunguka tena na kungoja.

"Vitu sihitaji, mama," anasema kijana taratibu. "Mlinicheka."

Nafungua kinywa nijibu, na jogoo anajisikia kuwika.

Nikaamka. Jua lilikuwa limefika ukutani. Jogoo wangu wa kweli alikuwa juu ya boneti, anawika bila sababu. Mashuka yote yapo kambani. Nikainuka nikalipima gari kutoka usukani hadi mgongo wa kiti, shubiri zangu nne kamili, hata inchi moja haikuongezeka. Ndoto ni ndoto, nikasema, kilichobaki ni kumwambia Baba kosa ni la mkono wangu.

Nikautazama huo mkono. Ulikuwa wangu, mfupi vilevile. Lakini chini ya dole gumba hapakuwa na ua. Hina ya wifi hukaa wiki tatu, mtaa mzima unajua. Nikasugua, nikatia mate, ngozi ilikuwa safi kama haijawahi kuchorwa.

Baba alikuwa barazani, redio mapajani, hajaiwasha. Nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, niazime mkono wako."

Akaunyoosha. Kiganja kikubwa, kikavu, na chini ya dole gumba kuna ua dogo la hina, majani matano, moja limekwenda upande. Nikalitazama. Naye akalitazama, kwa utulivu, kama mtu anayeona kitu chake.

"Utaurudisha lini?" akauliza.

"Sasa hivi." Nikaushika kwa mikono yangu miwili. "Uliendesha, Baba. Nilikupima kwa mkono usio wako, na maisha yangu yote nilikucheka kwa ujinga. Uliliambia polepole, mama, ukavuka mbao ishirini na tatu. Nisamehe."

Akaufumba mkono taratibu juu ya maneno hayo, akauweka kifuani.

"Ishirini na nne," akasema. "Moja ilikuwa imeoza, niliiruka."

Kisha akashika ukuta, akasimama mwenyewe. "Haya, mama," akasema, "lete mkasi wa bati."