Kabla ya Kidole

Kama hukuwahi kumwona Mzee Ngeleja akikagua pamba, basi pole, umekosa jambo. Miaka ishirini na miwili alikuwa mkaguzi kwenye gulio la ushirika pale Kasoli, na hakuna aliyewahi kumpitishia fifi, ile pamba ya daraja la pili, ndani ya safi. Watu walijaribu, jamani! Walitia pamba ya manjano katikati ya gunia, wakaifunika juu na chini kwa nyeupe pee, wakaja nayo juu ya baiskeli huku wakitabasamu. Mzee alizamisha mkono mpaka begani, akachomoa kifumba, akakitazama mara moja, kisha akasema taratibu, "Hii rudi nayo nyumbani, ukalalie." Safi husafiri, alikuwa akisema, fifi ndiyo hubaki ikatiwa kwenye magodoro.

Klementina, binti yake wa kwanza, alikulia juu ya magunia yale. Hata alipokuwa Francistown, kule Botswana, kwenye chumba chenye kiyoyozi na kiti cha wagonjwa kinachopanda na kushuka kwa kukanyagwa, ilitosha afumbe macho tu na harufu ya gulio ikamjia: mafuta ya mbegu, vumbi, jasho la wapagazi. Huko walimwita Mma Ngeleja na wakamheshimu, na mshahara uliingia kila mwisho wa mwezi bila kubembelezwa. Lakini nani wa kumsalimia Kisukuma? Hakuna. Asubuhi alisimama mbele ya kioo, akajiambia "Mwangaluka mayu," akajiitikia mwenyewe, akacheka peke yake kama mwehu. Siku nyingine hakucheka.

Aliondoka mwaka wa tisini na sita. Soko huria lilikuwa limeingia kwa kishindo, ushirika uko hoi, na wanunuzi binafsi wamemiminika Bariadi na malori yao, wanapima pamba yoyote ile, safi na fifi gunia moja. Mzee Ngeleja aliacha kazi msimu uleule waliofika. "Kama wanachanganya, mimi nibaki kutazama nini?" alisema. Kasoli nzima ikamsifu kwamba huyu mzee ana msimamo.

Wakati huo Klementina alikuwa na cheti chake cha upimaji wa macho kutoka Moshi, anafanya kazi Bariadi mjini, na mkataba wa Botswana umelala kwenye mkoba wake wiki ya tatu, haujasainiwa. Jambo moja tu lilimshika mkono. Bibi yake mzaa baba alikufa kipofu, na Klementina alijua kwamba presha ya macho ni ugonjwa wa kurithiana. Hauumi. Huanza kula pembeni, kimyakimya, na ukishakula haurudishi. Akajiapia kwamba atampima baba kwanza. Akimkuta na dosari yoyote, Botswana basi, atabaki amtibu.

Akaenda Kasoli na chati yake ya wasiojua kusoma, ile yenye herufi E tupu, kubwa juu na ndogo chini, kila moja imegeuza miguu upande wake. Mtu anasema tu miguu imeelekea wapi. Majirani walijaa uani kutwa nzima. "Chini! Kushoto! Juu! Kulia!" walikuwa wakipaza sauti kama watoto wa darasa la kwanza, na aliyekosea alichekwa mpaka akaona haya. Mzee Ngeleja alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, anasikiliza. Kila alipoitwa alisema, "Wageni kwanza, mimi ni wa hapahapa." Nani angembishia?

Zamu yake ilipofika alikaa wima, akafunika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Klementina alisimama kando ya chati, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na baba yake hakukosea hata mara moja. Mstari wa mwisho, ule wa herufi kama sisimizi, aliujibu hata kidole hakijafika. "Chini, kushoto, chini, juu, kulia!" Ua mzima ukapiga makofi. Jicho la mkaguzi hilo, wakasema.

Bado Klementina alitaka kuchungulia ndani kwa tochi yake ndogo, maana chati haiwezi kusema yote. Hapo mzee akacheka kwa sauti. "He! Klementina! Utanikazia macho mimi baba yako, mbele za watu?"

Asiyejua malezi ya kwetu atauliza, kwani kuna nini? Binti wa Kisukuma humpigia baba yake goti, huinamisha uso, humsalimia akitazama ardhi. Klementina alikuwa amechungulia macho ya nusu ya wilaya, lakini hata rangi ya mboni za baba yake hakuijua sawasawa. Akaona aibu, akarudisha tochi mkobani, na jioni ileile akasaini.

Siku ya safari, mzee alipoinuka kumsindikiza, alijigonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango. "Mlango huu siku hizi umenenepa," alisema, wote wakacheka. Walicheka, ndiyo! Klementina naye alicheka, yeye mwenye cheti cha Moshi.

Barua alizipata. Nyanjige, mdogo wake aliyebaki na baba, alikuwa akiandika kila baada ya miezi miwili: mvua zimewahi, ng'ombe mweusi amezaa, baba hajambo anakusalimu sana. Klementina alizisoma mpaka zikachakaa kwenye mikunjo.

Mwaka wa pili ukakatika. Siku moja akaja mzee mmoja mfugaji, Rra Modise, kupimwa macho kwa ajili ya leseni ya gari. Akakaa kwenye kiti, akafunika jicho moja, akajibu mistari yote vizuri kabisa. Alipofika wa mwisho akautiririsha wote wakati kidole cha Klementina kiko bado mstari wa juu yake. Klementina akageuza chati juu chini. Mzee akatoa majibu yaleyale.

Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu. Rra Modise naye akajichekea, akakiri kwamba alikuwa amekaa nje tangu saa moja akisikiliza wenzake, kwa kuwa hakutaka wanawe wamnyang'anye ufunguo wa gari.

Klementina peke yake hakucheka. Masikioni alikuwa akisikia sauti ya baba yake: chini, kushoto, chini, juu, kulia.

Aliomba likizo kesho yake. Mabasi, pantoni ya Kazungula, treni, mabasi tena. Siku ya saba akateremka Kasoli. Baba yake alikuwa kwenye kigoda kilekile karibu na mlango, uso ameuinua kidogo kuelekea kwenye nyayo zinazokuja.

Akapiga goti. "Mwadila, baba."

"Mwadila mayu. Umekonda. Hata hatua zako zimekuwa nyepesi."

Nyanjige alikuwa amesimama nyuma yake, analia. "Alinikataza, dada. Alisema nikiandika atanilaani."

"Baba," Klementina alisema, "nipe macho yako."

"Leo yakazie tu. Aibu itoke wapi, na mimi sikuoni?"

Basi akainua uso akamtazama baba yake machoni, kwa mara ya kwanza katika miaka yake thelathini. Yalikuwa ya kahawia, na duara la kijivu pembeni, mazuri kweli. Akajikuta analia kama mtoto. Kisha akajifuta, akawasha tochi, akasogea mpaka pumzi zao zikachanganyika. La kulia lilikuwa limekufa zamani, tangu kabla ya ile siku ya chati. La kushoto ni la juzijuzi. Mwaka ule lilikuwa bado linaona. Kwa upasuaji na dawa ya matone lingeokoka.

"Kwa nini, baba?" Alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Ungejua, ungesaini?"

"Nisingesaini!"

"Haya. Safi haikai gulioni, Klementina."

Akazima tochi. Nyanjige aliingia ndani kuinjika maji, wakabaki wawili. Mzee alikuwa akisugua vidole vyake taratibu, kama zamani alivyokuwa akipima nyuzi za pamba.

"Ila nikuulize," akasema, sauti imeshuka. "Wewe ndiye mtaalamu. Hili la kushoto, kama ungebaki hapa..."

"Hapana, baba. Lilikuwa limeshakwenda."

Mzee akatabasamu, mkono wake ukapapasa hewani mpaka ukafika kwenye shavu la binti yake, ukalikuta limelowa.

"Mwanangu," akasema, "umejibu kidole hakijafika."