Vioo vya Gari la Mkurugenzi

Madereva wa ofisi ile walimwita Bwana Kitambaa, naye hakukasirika, maana jina lilimfaa. Alijua vioo. Mvua ikianza, wenzake walihangaika kupangusa ukungu kwa viganja na kuacha michirizi ya mafuta kioo kizima, huku yeye akipita zake kama vile mvua ya kwake inanyesha kwingine. Kila Jumatatu aliosha vioo kwa ndani, akavipaka sabuni ya kipande, akasugua kwa kitambaa cha pamba mpaka sabuni isionekane tena. Chini ya viti aliweka soksi mbili zilizojaa chumvi, zinyonye unyevu. Mazulia ya gari hayakulala na maji hata siku moja.

"Chumvi unayo, sabuni unayo," dereva mmoja alimtania. "Bado vitunguu tu, uhamie humo na familia."

Alicheka na wenzake. Lakini moyoni alijua kwamba ufundi wote ule ulikuwa wa mtu aliyenyimwa dawa yenyewe. Dawa ya ukungu ni kitufe kimoja: unawasha AC, unaelekeza hewa kwenye kioo, unahesabu mpaka ishirini, kazi imekwisha. Ila mkurugenzi, mama aliyemwendesha kwa miaka kumi na moja, hakutaka kusikia habari za AC. Ilimshika shingo, alisema. Wiki ya kwanza kabisa, dereva alipoiwasha siku ya jua kali, mama aliinama kutoka kiti cha nyuma akasema taratibu, "Dereva, hicho kitufe usikiguse mpaka nikuambie." Hakumwambia mpaka leo.

Ofisi nzima ilijua. Katibu muhtasi wake alishinda akijipepea kwa faili mle chumbani, na fundi aliyekuja kukagua AC ya chumba hicho alirudishwa mlangoni. Kwa madereva ilikuwa sheria isiyoandikwa popote: usukani ni wa dereva, hewa ni ya bosi.

Na hapo ndipo alipojiponza, tuseme ukweli. Alipaswa kulisema jambo hilo mwaka ule ule wa kwanza. Badala yake alinunua sabuni. Kadiri alivyovimudu vioo, ndivyo mama alivyozidi kuamini kwamba gari halina shida yoyote, na yeye akaona fahari kuaminiwa.

Siku ya mkosi mama alitoka mkutanoni na wageni watatu. Mvua ilikuwa inamwagika. Wakaingia na miavuli inayochuruzika na makoti yaliyolowa, wakafunga milango, wakaendelea kubishana. Watu watano wanapumua katika sanduku la bati na vioo, chumvi gani itaweza? Kabla hawajafika kona ya kwanza, kioo cha mbele kilikuwa cheupe.

"Mama, niwashe AC kidogo tu?"

"Unataka niugue? Kesho nina safari."

Akashusha kioo cha upande wake upana wa vidole viwili.

"Dereva, mvua inatuingilia huku."

Akakipandisha. Angeweza kusimamisha gari kando. Aliliwaza hilo, akawaza pia sura ya mama mbele ya wageni, akaona aibu. Akatoa kitambaa, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili ukipangusa. Alipata tundu la ukubwa wa sahani, na katika tundu hilo hakumwona mwenye baiskeli. Alimsikia.

Yule mtu hakufa. Mguu ulivunjika mahali pawili. Dereva ndiye aliyekaa naye barabarani akimkinga mvua kwa koti lake, mpaka msaada ukafika. Mama na wageni wake walitafutiwa gari jingine.

Ofisi iliunda kamati. Miaka mitatu tu ilimbakia astaafu, na sasa kazi yenyewe ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Mkewe alimnyooshea shati huku akimwambia bila kumtazama, "Leo useme. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Nitasema."

Na kweli alisema. Alipiga moyo konde, akaeleza mbele ya mkuu wa utumishi na wajumbe wawili kuhusu kitufe, kuhusu ombi lake la siku ile, kuhusu kioo alichoambiwa apandishe. Mama alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani. Mkuu wa utumishi akamgeukia kwa heshima zote.

"Mimi nakaa nyuma," mama alisema. "Mambo ya kuendesha namwachia dereva. Sijawahi kumzuia mtu kufanya kazi yake."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayeeleza njia. Dereva akamtazama katibu muhtasi, aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao. Yule dada aliinamia karatasi na kalamu yake haikusita.

"Kuna maandishi yoyote ya hilo katazo?" mkuu wa utumishi aliuliza.

"Hakuna, mzee."

"Na leseni ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi."

Hilo la leseni ndilo lililomkata maini, kwa sababu lilikuwa kweli. Angejitetea usiku kucha dhidi ya uongo wa mama, lakini dhidi ya leseni yake hakuwa na neno. Barua ilisema alishindwa kutumia vifaa vya gari ipasavyo, na kwamba utumishi wake umekoma.

Baada ya wiki mbili alirudi kukabidhi sare na kitambulisho. Mvua ilikuwa inanyesha tena. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya mlango mkuu, injini inanguruma, vioo vyote vimefungwa, na vyote safi kabisa. Hakuhitaji kuuliza, aliisikia AC ikivuma. Kwenye usukani alikaa dereva mgeni. Nyuma alikaa mama, anasoma karatasi zake, shingo ameizungushia mtandio mzito wa sufu.

Mama alimwona, akashusha kioo kidogo.

"Mzee, hujambo? Nyumbani wazima?"

"Wazima, mama."

"Uwasalimie sana."

"Zimefika, mama."

Kioo kikapanda, gari likaondoka. Alibaki pale ngazini na bahasha yake mkononi, akijichukia kwa lile "mama" la pili lililomtoka lenyewe.

Alipofika nyumbani mkewe alimpokea koti, akalikung'uta.

"Wamekuambia nini?"

"Hawakuniambia kitu. AC inawashwa siku hizi. Mama anavaa mtandio."

Mkewe alisimama na koti mkononi.

"Mtandio tu?"

"Mtandio tu."

"Miaka yote hiyo," mkewe alisema, "na mimi ninayo minne kabatini."