Gari Lililolala Zizini

Vedasto alikuwa anakunywa uji kwake Gorong'a shemeji yake Nikolaus alipoingia uani, hakukaa wala hakuomba maji. Alisema ametumwa na baba yake, mkwe wa Vedasto. Mzee Werema wa Kemambo anarudisha gari la mahari kwa sababu ni gonjwa, na mahari ikirudi kila mtu anajua ni nani naye anarudi kwao. Rose, mke wa Vedasto, alikuwa kando anachambua mboga. Alisikia kila neno, akaendelea kuchambua.

Kisa chenyewe kilianzia siku ya posa. Ng'ombe wa Vedasto hawakutosha, akaongeza gari lake dogo jeupe la mtumba. Wazee walijikuna vichwa, wakakubali kwa sharti moja: likishaingia kwenye mahari, gari ni ng'ombe. Hapo ndipo upuuzi wote ulipopata mlango, maana Mzee Werema si mtu wa kushika neno nusunusu. Ng'ombe hulala zizini, basi gari nalo likalala zizini, limesukumwa katikati ya madume, breki ya mkono imevutwa lisije likatoroka. Ng'ombe wa mahari hapandwi mgongoni, basi hakuna aliyeliendesha. Masika yote yalilikuta pale, samadi imefika usawa wa ringi, na wenzake wakilikojolea bila ubaguzi. Wapo waliosema mzee alikuwa akilimwagia pumba jioni. Hilo huenda walimsingizia, ingawa pumba zilikutwa kwenye boneti.

Ikafika zamu ya Nikolaus kuoa. Mahari ya dada ndiyo inayomwoza kaka, kwa hiyo gari likachimbuliwa kwenye samadi, likapelekwa ng'ambo ya mto Mara, kwa wakwe wapya wa Morotonga. Kwenye mteremko wa kuelekea darajani Nikolaus akakanyaga breki. Gari lilipiga ukelele, usukani ukatetemeka, kanyagio likamdunda unyayo mpaka akashuka mzima mzima na kumalizia safari kwa miguu, gari likikokotwa. Wakwe walilizunguka mara moja tu. Walisema hawapokei mnyama mwenye kifafa.

Sasa swali likawa moja. Ng'ombe wa mahari akiugua, ugonjwa aliokuja nao ni wa aliyemtoa, na ugonjwa alioupatia zizini ni wa aliyempokea. Kama gari lilikuja linaumwa, Vedasto anarudishiwa gari, na Rose anarudi kwa baba yake.

Ritongo, yaani baraza la ukoo, likakaa Kemambo nje ya boma la Werema, kwa kuwa mkwe haruhusiwi kukanyaga zizi la baba mkwe wake. Gari lilivutwa na maksai mpaka uwanjani. Mwamuzi alikuwa Mzee Waitara, anayejulikana kote huko kwa kusoma utumbo wa mbuzi na kutaja balaa limetokea upande gani.

"Mfungue tuone ini," alisema Mzee Waitara.

Vedasto akapiga jeki, akafungua nati, akatoa tairi la mbele. Wazee wakainama.

"Hiki ni nini?"

"Diski, mzee. Inazunguka pamoja na tairi. Hizi pedi zinaibana huku na huku, ndipo gari linasimama."

"Basi ndilo ini."

Diski ilikuwa imevaa kutu ya kahawia uso mzima, isipokuwa alama moja yenye umbo la pedi. Vedasto alipoiona alama ile moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu uji ule.

"Shikamooni tena wazee wangu, tazameni," alisema. "Hii ni kutu ya kulala. Hapa pedi ilikuwa imeshika, maji hayakupita. Kwingine kote pameliwa. Gari likitembea, pedi inateleza hapa pazuri, inakwaruza pale pabaya, ndiyo inatetemeka. Ugonjwa huu umetoka zizini."

Wazee wakanung'unika kumuunga mkono. Mzee Werema akatazama fimbo yake. Lakini Mzee Waitara alikuwa ameshapitisha kucha upande wa ndani wa diski, taratibu, mpaka kucha ikakwama ukingoni.

"Na huku nyuma? Huku pana ukuta mdogo. Katikati pamekuwa pembamba kuliko upande wa nje. Kutu haili hivi. Hapa pamesagwa."

 Vedasto alijua vizuri kilichotokea. Pini za kushikilia breki zilikauka grisi zamani, pedi ya ndani ikawa inafanya kazi peke yake huku ya nje ikistarehe.

"Hiyo imetoka nayo kiwandani, mzee."

"Hata mbuzi huniambia hivyo," alisema Mzee Waitara, akapangusa kucha.

Hukumu ikatoka: nusu ya ugonjwa gari lilikuja nayo, nusu limeipatia hapa. Kwa hiyo irudi nusu ya Rose. Mzee mmoja aliuliza, kwa nia njema kabisa, ni nusu ipi, na wakalijadili mpaka kivuli cha ghala kikahama. Mwisho wakaafikiana kwamba ni nusu ya kulala. Rose atalala kwa baba yake mpaka gari lipone.

Vedasto aliomba afunge diski mpya siku hiyohiyo. Mzee Werema alikataa katakata.

"Ng'ombe habadilishwi mguu. Ukimbadilisha mguu huyo ni mwingine, na huyo sikumpokea."

Grisi wakamruhusu, kwa kuwa hata ng'ombe hupakwa mafuta. Akasugua kwa brashi ya waya, akalainisha pini zote, akaeleza kwamba kutu iliyobaki ni ya juujuu. Gari likitembea na kufunga breki kila siku, pedi zitaisafisha, na uso utajisawazisha kidogo kidogo.

"Lichungwe," alisema Mzee Waitara.

Nani wa kulichunga? Nikolaus hakutaka hata kulisogelea. Vedasto hawezi kuingia zizini. Akabaki Rose, aliyefundishwa kuendesha na Vedasto mwenyewe. Atatoka na ng'ombe asubuhi na kurudi nao jioni. Usiku kwa baba, mchana malishoni. Vedasto aliitafuta nusu iliyobaki kwake, hakuiona.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyemuuliza Rose, na Rose mwenyewe hakusema lolote. Alijifunga kitenge, akaingia kwenye gari, akafunga mlango. Vedasto alirudi Gorong'a, akapika ugali ukaungua, akaula hivyohivyo. Huenda amefurahi kurudi kwao, aliwaza. Huenda alikuwa anangoja sababu tu. 

Kisha watu wakaanza kupita na habari. Mke wako amerukwa na akili, walisema. Anafunga breki barabarani pasipo na kitu. Hakuna ng'ombe mbele, hakuna shimo, hakuna mtoto, yeye anafunga breki. Muuza mikate alikuwa nyuma yake kwa baiskeli, mikate yote imeishia mtaroni.

Siku hiyo Vedasto akaenda kujionea. Ng'ombe walipita kwanza, na nyuma yao gari jeupe. Mzee Werema amekaa mbele, fimbo imetoka dirishani, kofia imemwangukia puani. Gari likakimbia kidogo, likasimama. Likakimbia, likasimama.

"Rose, unaniua," alisema mzee.

"Tata, baba yangu, mnyama anaumwa. Ni lazima anywe dawa."

Lilipofika usawa wa Vedasto, Rose akakanyaga tena. Gari likasimama kimya, bila ukelele.

"Umesikia?" Rose alimuuliza mumewe.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo. Mtetemo umebaki kidogo kwenye kanyagio, na nitaumaliza. Nimechoka kulala kwa baba." Aliyasema hayo baba yake akiwa pale pale anarekebisha kofia, kisha akaondoa gari.

Vedasto alisimama pale akicheka na machozi yanamtoka. Halafu akakata njia katikati ya mahindi ya watu, mbio, akamtangulia mpaka kona ya mbele, akasimama katikati ya barabara na kutanua mikono ili mke wake apate sababu ya kufunga breki.