Herufi Isiyotoka kwa Maji

Watu hupenda kuniambia kwamba mtu akifika umri wangu husamehe. Sijui nani aliwadanganya. Nina miaka sabini na minne, magoti yangu yote mawili ni ya chuma, nimezika mume na mbwa watatu, na kinyongo changu kiko salama salimini. Nimekitunza kuliko nilivyotunza meno.

Meli yetu iliitwa Clemency, jina lenye maana ya kumhurumia aliyekosa. Ilikuwa meli ya hospitali ya jeshi la majini, nyeupe pe, na mwaka wa 1968 ilikaa karibu na pwani ya Vietnam ikipokea majeruhi walioletwa kwa helikopta. Mimi, Arlene Novotny, binti wa fundi viatu wa Ohio, nilikuwa muuguzi wa wodi ya mapokezi. Kila baada ya miaka miwili, waliobaki hai hukutana kwenye hoteli moja huko Pensacola, wakala kamba na uji mzito wa mahindi, wakadanganyana kuhusu ujana wao. Nilikuwa sijawahi kwenda. Safari hii nilikwenda, na mkobani nilitia vitu viwili: penseli nyeusi ya nta na kichupa cha spiriti.

Nieleze habari ya hiyo penseli, maana bila hiyo hamtanielewa. Majeruhi akishachomwa sindano ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, aliyemchoma alitakiwa kumwandika herufi M kubwa kwenye paji la uso, papo hapo, kabla hajageukia mwingine. Anayefuata akiiona, hamchomi tena, kwa sababu mofini mara mbili humkata mtu pumzi. Nta ile ilikuwa king'ang'anizi. Haikujali jasho, damu wala mvua. Ukitaka kuitoa, unapangusa kwa spiriti, na spiriti tuliifungia kabatini kwa sababu mabaharia walikuwa wakiinywa. Ufunguo wa kabati hilo niliuvaa mimi shingoni.

Leland Fontenot alikuwa tabibu msaidizi, kijana wa Louisiana wa miaka ishirini, mpole, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Siku moja ya mwezi wa tano helikopta zilitua mfululizo tangu alfajiri. Leland alimkuta askari mmoja, Dwight Oakes, analia kwa maumivu, uso umejaa matope. Akaniomba maji. Nikampa beseni na kitambaa. Akamnawisha, akatazama paji la uso, halina alama yoyote. Akamchoma mofini, akaandika M yake vizuri, kubwa. Baada ya robo saa Dwight Oakes hakuwa akipumua tena.

Kumbe alikuwa ameshachomwa juu kwenye deki, na aliyemchoma ni Luteni Thornton Gaskill, daktari. Gaskill hakuwahi kushika penseli ile. Kuandika watu usoni aliona ni kazi ya wadogo. Yeye alichoma, mwingine akaandika. Siku ile nyuma yake hapakuwa na mtu wa kuandika.

Walikuja maofisa watatu kutoka nchi kavu kuchunguza. Gaskill akawaambia aliandika M kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba yule tabibu mzembe aliifuta kwa maji wakati wa kumnawisha mgonjwa. Wale watatu hawakuwahi kukaa wodini hata saa moja. Wakaniita.

"Fontenot alimnawisha marehemu uso?"

"Ndiyo," nikasema, "lakini..."

"Inatosha. Unaweza kwenda."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nikapiga saluti, nikaenda. Sikugeuka, sikugonga tena mlango ule. Hiyo "lakini" nimeimeza miaka hamsini na mmoja, na mpaka leo ipo hapa kooni.

Leland alifukuzwa jeshini kwa cheti kibaya, kilichosema hakutumikia kwa heshima. Alitaka kuwa muuguzi. Hakuna hospitali iliyomfungulia mlango. Akaosha vyombo kwenye mkahawa mmoja huko kwao, akanywa. Kila Krismasi alinipigia simu. Mwanzoni alikuwa akisema, "Arlene, paji lilikuwa safi." Baadaye akawa anauliza, "Arlene, hivi kweli lilikuwa safi?" Mwaka wa mwisho, 1983, alisema, "Labda ilikuwepo. Labda nilikuwa nimechoka." Nilimwambia haikuwepo, nikamwapia, hakuniamini. Akafa mwezi wa pili. Hilo ndilo nisilomsamehe Gaskill. Kazi alimnyang'anya, sawa, lakini hata macho yake mwenyewe alimfanya asiyaamini.

Sasa, katika mikutano yao wana desturi. Kabla ya picha ya pamoja wanasoma majina ya wenzetu waliokufa, na kila jina linapigiwa kengele ya meli, ile ile ya shaba. Jina la Leland halisomwi. Nimeandika barua tatu. Zote zilijibiwa na mwenyekiti wa chama kwa karatasi nzuri nene: orodha ni ya waliotumikia kwa heshima. Na mwenyekiti ni nani? Daktari Thornton Gaskill, mstaafu.

Mlangoni pa ukumbi nilimkuta Purnell Hatch. Zamani alikuwa akibeba machela, siku hizi ndiye mpiga kengele wao. Amenenepa, kichwa hakina unywele.

"Novotny," akasema. "Kumbe hujafa?"

"Nilikuwa nakusubiri utangulie, wewe ndiye mwenye haraka ya kula."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza, "Jina la Leland lipo?"

Kicheko kikaisha. "Dada, orodha anaandika mwenyekiti. Mimi napiga tu."

"Mkono si wako?"

"Usinianze, Arlene. Watu wamekuja kula."

"Na mimi nimekuja kula," nikamwambia. "Nimeacha nafasi tumboni."

Tulikuwa arobaini na watatu, na wake na waume pembeni. Gaskill alikaa meza ya mbele, mzee wa miaka themanini na mmoja, mrefu bado, shati jeupe, uso mpana uliotunzwa. Baada ya kamba kukawa na saa ya kumbukumbu: kila anayetaka anasimama, anaonyesha kitu alichotoka nacho melini, anasimulia. Mmoja akaonyesha kofia. Mmoja akaonyesha kijiko, akasimulia jinsi mpishi alivyotulisha mayai ya unga siku arobaini, watu wakamzomea mpishi, naye yumo ukumbini, akawajibu kwamba wasingekula wangekuwa wembamba hadi leo.

Kisha akasimama Gaskill. Alianza kwa mzaha, akamaliza kwa sauti ya mazishi.

"Hatukuokoa wote," akasema. "Kuna kijana mmoja tulimpoteza kwa sababu ya uzembe wa msaidizi. Aliosha alama kwa maji, akamchoma tena. Sijamsahau kijana yule. Ninamwombea."

Wazee wakainamisha vichwa. Mimi nilihisi damu inanipanda hadi masikioni. Alikuwa ameligeuza kaburi la Dwight Oakes kuwa jukwaa lake, mbele yangu, huku akifuta mdomo kwa kitambaa cha hoteli. Kama nilikuwa na huruma ya robo kijiko, iliisha pale.

Nikasimama. Nikainua penseli.

"Nani anaikumbuka hii?"

Ukumbi mzima ukaguna kwa furaha. Mtu akasema, "Mungu wangu, penseli ya M."

"Nataka kuwaonyesha wake zenu jinsi tulivyofanya kazi. Nahitaji majeruhi."

"Mchukue mwenyekiti," akasema Purnell kutoka kwenye kengele yake. "Ana paji la kutosha, utaandika hata barua."

Wakacheka. Gaskill naye akacheka. Mtu anayependa kutazamwa hahitaji kubembelezwa. Akaja, akaketi kwenye kiti nilichokiweka katikati, akafumba macho, akajifanya kugumia. Nikamshika kidevu. Nikaandika M, kubwa, kutoka nywele hadi nyusi. Simu zikapiga picha.

"Umepona, daktari," nikasema. "Sasa picha ya pamoja ni saa saba. Nawa uso."

Nikampa glasi ya maji na kitambaa. Akachovya, akapangusa. Watu wakacheka. Akapangusa tena, kwa nguvu kidogo.

"Imetoka?" akaniuliza.

"Bado."

Akachovya tena. Maji yakamchuruzika hadi kwenye kola. Paji likawa jekundu, na ile M ikakaa pale pale kana kwamba amezaliwa nayo. Vicheko vilianza kupungua, kwanza kwenye meza ya matabibu wa zamani, kule nyuma. Wao ndio walioelewa mapema.

"Ongeza maji," nikasema.

"Arlene, ina nini hii?"

"Ni ile ile. Ongeza maji. Si uliwaambia wale maofisa watatu kwamba hutoka kwa maji? Na sasa hivi umetuambia tena, hata uji haujapoa."

Akaacha kupangusa.

Mpishi ndiye aliyesema, "Nta haitoki kwa maji." Alisema taratibu, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe.

"Kila mtu aliyewahi kuandika hata M moja anajua hivyo," akasema Purnell. Alikuwa ameacha kengele, amesogea karibu. "Nilibeba machela kwenye mvua miezi tisa. Sikuona hata moja ikitoka. Mtu aliyeandika asingesema maji, daktari. Angesema spiriti."

"Na spiriti siku ile haikutoka kabatini," nikasema. "Ufunguo nilikuwa nao mimi. Nilitaka kusema, nikakatizwa, na mimi kwa uoga wangu nikanyamaza. Hilo ni langu, nitajibu mwenyewe. Wewe jibu lako. Luteni Gaskill, ulimwandika Dwight Oakes?"

"Mambo haya ni ya zamani. Kulikuwa na majeruhi zaidi ya sitini siku ile, mnakumbuka nyote hali ilivyokuwa..."

"Sikukuuliza idadi. Ulimwandika?"

Akatazama huku na huku akitafuta uso wa kumsaidia. Wazee wale walikuwa wamekula naye kila baada ya miaka miwili, wakamchagua, wakampigia makofi. Sasa kila mmoja alikuwa akitazama paji lake. Mkuki ulikuwa mtamu kwa nguruwe. Nilitaka aonje na yeye. Maji yakaendelea kumdondoka puani.

"Hapana," akasema. "Lakini..."

"Inatosha," nikamwambia.

Nasema kweli, sijawahi kula chakula kitamu kama neno lile. Alibaki mdomo wazi na "lakini" yake humo ndani. Akae nayo. Mimi nimekaa na yangu, haiui.

Purnell alirudi kwenye kengele. Hakuomba ruhusa ya mtu, wala hakugusa orodha.

"Leland Fontenot," akasema, "tabibu msaidizi, wodi ya mapokezi." Akapiga. Watu wakasimama, viti vikasukumwa, fimbo zikaanguka. Nililia, ndiyo, nililia kama mtoto, huku nikimwambia Leland kimoyomoyo kwamba paji lilikuwa safi, umesikia, lilikuwa safi, mwenyewe kasema. Kisha Purnell akasoma jina la Dwight Oakes, akapiga tena, halafu akaendelea na wengine mpaka mwisho.

Saa saba mpiga picha akatupanga ngazini. Gaskill alikwenda msalani akarudi na sabuni kwenye nyusi. M ilikuwa imetapakaa pembeni kidogo, lakini hata asiyejua kusoma angeisoma. Alitaka kusimama nyuma. Mpiga picha, asiyejua lolote, akamwambia mwenyekiti hukaa katikati mbele, kama kila mkutano. Picha hiyo hutundikwa ukutani hapo hotelini, na nakala hupelekwa kwa kila mwanachama.

Alipokaa kando yangu, aliniinamia. "Arlene," akasema kwa sauti ya chini, "nakuomba. Una spiriti?"

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Nilikisikia kichupa ndani yake kikigonga penseli.

"Sina," nikasema. "Tazama mbele, daktari."